Nguzo ya Tano

Kufuli lilikuwa limefungwa, na hilo ndilo lililomweka Shemeji rumande.

Kama lingekutwa wazi, watu wangesema ni uzembe. Fundi kasahau, mwenzake kaanguka, pole zitolewe, basi. Lakini kabati la umeme la mtaani, lile la chuma linaloilisha nguvu kebo ya zamani ya mtandao, lilikutwa swichi yake iko chini na kufuli jekundu la marehemu linaning'inia palepale alipolitia kwa mkono wake mwenyewe, saa tatu na robo asubuhi ya Jumamosi. Na bado, saa tano na dakika tano, marehemu huyohuyo alipigwa na umeme juu ya nguzo, akaachia mikono, akashuka mita saba bila kugusa ngazi.

Sasa umeme ulitoka wapi? Mkuu wa kituo alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa na miguu miwili na ndevu za siku tatu, limekaa kwenye saruji nyuma ya kaunta.

"Aliyekuwa chini ni yeye peke yake," Mkuu alisema. "Kafungua kwa ufunguo wa akiba, kawasha, mwenzake kaanguka, kazima, kafunga. Ufunguo wa akiba haupo ofisini kwao, nimeulizia. Na Ijumaa waligombana mbele ya watu. Unataka nini tena?"

"Tena," alisema mpelelezi.

Kituo kizima kilimwita Bi Tena, mbele yake na nyuma yake, kwa sababu ya ugonjwa wake wa kumrudisha mtu mwanzo wa maelezo. Wezi wazoefu wakisikia ndiye atakayewahoji walikuwa wanaomba kukiri mapema wakapumzike. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye viatu vya kutembelea, na hajawahi kuonekana akikimbia.

"Nimeshasema," Mkuu alisema.

"Naomba tena, Mkuu. Ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Kautupa."

"Nani kamwona akiutupa?"

Mkuu alimsukumia jalada juu ya meza kama mtu anayesukuma sahani aliyoshiba. Alipenda majalada membamba, na hili lilikuwa jembamba kweli. "Saa nane mchana anasomewa shitaka la mauaji. Asubuhi yote ni yako. Ningekuwa wewe ningekunywa chai."

Bi Tena alilisoma kwa kusimama. Picha ya kufuli, ambayo mafundi wanalazimika kuipiga kabla mtu hajapanda, saa ikiwa imechapwa pembeni. Ramani ya mtaa kutoka kampuni ya mtandao: nguzo tisa, nyumba arobaini na sita, na muhuri wa bluu unaosema zote zimehamishwa kutoka kebo ya zamani kwenda faiba. Maelezo ya msimamizi wa mradi. Na ukurasa wa daftari la konstebo aliyefika wa kwanza, mwandiko wake umelala kama nyasi zilizokanyagwa: *5:05 anaanguka. 5:20 anafika msimamizi. 5:30 gari la wagonjwa. 5:40 msimamizi apanda nguzo kukagua usalama. 5:55 mtuhumiwa akamatwa.*

Akalifunga, akatoka nje ya ofisi. Kwenye benchi la mbao alimkuta mjane.

Mjane wa marehemu alikuwa pia dada wa mtuhumiwa. Ndiyo maana mafundi wote walimwita yule kijana aliye rumande Shemeji: alikuwa shemeji wa fundi mkubwa, jina likamganda hata kwa watu ambao hawakumwoa dada yake. Marehemu mwenyewe waliyemwita ni Masharubu, na hilo halihitaji maelezo.

"Nimekuja kusaini vitu vyake," mjane alisema.

Karani alivitoa kwenye bahasha mbele yake kimojakimoja. Saa ya mkononi. Kalamu ya penseli iliyong'atwa. Leso. Ufunguo mdogo wenye kibati chenye namba 14.

"Huu si wake."

Bi Tena akasogea. "Sema tena, mama."

"Si wake. Wake ulikuwa na uzi wa kijani, niliuchomoa kwenye sweta yangu. Aliupoteza mwezi uliopita, tukageuza mpaka magodoro. Kibati hiki sikijui."

"Ulikuwa mfuko gani?" Bi Tena alimuuliza karani.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha ya mochwari. "Suruali, mfuko wa kulia. Ya marehemu."

Funguo za nyumbani hazitiwi vibati vya namba; basi ufunguo wa akiba haukutupwa na mtu. Masharubu alikuwa amepoteza wake, akachukua wa ofisini, na ulikuwa mfukoni mwake alipopanda, mfukoni mwake alipoanguka, na mfukoni mwake alipolazwa kwenye barafu. Mtu wa chini hakuwa na cha kufungulia kufuli. Bi Tena aliutia ufunguo kwenye bahasha yake mwenyewe. "Huu naukopa, mama. Vingine chukua."

Mjane hakuondoka. Alikunja ile leso mara nne.

"Saa kumi namzika mume wangu," alisema. "Silii hapa, nitalia kwangu. Nataka kitu kimoja tu. Jeneza likitoka, mdogo wangu ashike mbele, au asionekane kabisa? Kama ni yeye, leo nazika wawili, nimeshajipanga. Kama si yeye, siwezi kumzika mume wangu bila yeye. Lakini usinidanganye ili unifariji. Wamenifariji wa kutosha."

"Nitakujibu kabla ya saa kumi."

"Kabla ya saa kumi na dakika ngapi?"

"Wewe ungefaa kazi yangu," Bi Tena alisema.

*

Shemeji alisimama alipofunguliwa mlango, akakaa tena alipoona si mtu wa chakula.

"Ijumaa mligombania nini?"

"Faiba," alisema Shemeji. "Wale mafundi wapya wa faiba wanachukua watu. Nikamwambia shem, hii kebo ya shaba inakufa, tuhamie. Akasema mashauri yangu yatamuua. Watu wakacheka. Hata yeye alicheka."

"Jumamosi."

"Nimeshaandikisha."

"Tena."

Alisimulia huku anatazama vidole vyake. Faiba, alisema, inapitisha mwanga, haina moto wowote. Kebo ya zamani ni mnyama mwingine: inabeba umeme wake ndani, kwa ajili ya amplifaya zilizo juu ya nguzo, maana mawimbi yanachoka njiani kama mtu aliyebeba gunia, na amplifaya ndiyo inayoyatua na kuyatwika upya. Volti tisini tu. Ukiwa chini, mikono mikavu, utaruka na kutukana. Ukiwa juu ya ngazi, mikono imelowa manyunyu ya asubuhi, mkanda umeufungua sekunde moja ili ulizunguke boksi la amplifaya, utaachia.

"Mtaa umeshahamia wote. Tulienda kuiteremsha amplifaya ya mwisho, nguzo ya tano. Akazima kabati, akafunga kufuli, nikapiga picha. Nikaweka testa ndani ya kabati, kwenye mtambo wenyewe: sifuri. Nikampigia kelele, imelala, panda!"

"Ukapima na juu?"

Shemeji akavificha vidole kwapani.

"Kanuni inasemaje?"

"Inasema upime na juu. Testa ilikuwa moja, yuko juu, niko chini, mvua..." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Inspekta, miaka kumi na tisa. Kufuli likifungwa, kebo imelala. Haijawahi kuamka."

"Inaweza kupata umeme kutoka pengine?"

"Pengine wapi? Kabati ni moja. Angalia ramani."

"Nimeiangalia," Bi Tena alisema. "Ramani nazo naziuliza mara mbili."

*

Mtaa ulikuwa wa nyumba za chini, kuta zimegusana, nguzo tisa zimejipanga upande mmoja kama watu wanaosubiri kuhudumiwa. Mwanzo wake kulikuwa na kabati la zamani, kijivu, limebonyea. Mwisho wake kulikuwa na boksi jipya la faiba, jeupe, linang'aa kama jino la bandia. Katikati ya nguzo waya zilikuwa nyingi kupita kiasi, kebo nene ya zamani, faiba nyembamba na mikia iliyokatwa, kila kizazi kimetundika chake bila kuondoa cha mwenzake.

Bi Tena alitembea kutoka kabatini akihesabu kwa sauti. Kwenye nguzo ya tano amplifaya ilikuwa bado inaning'inia, kifuniko wazi. Chini yake mtu alikuwa amemwaga mchanga, na mchanga haukuwa umetosha.

Mlango wa nyumba iliyotazamana na nguzo ulifunguliwa kabla hajabisha. Mama mmoja alitoka, futi ya kitambaa shingoni, pini tatu mdomoni.

"Hatimaye! Wewe ndiye wa mtandao?"

"Mimi ni polisi."

Alizitoa pini. "Afadhali zaidi. Wakamate wote. Leo siku ya tatu sina mtandao, na wanafunzi wangu wameachwa kwenye mkono wa gauni. Unajua maana ya kumwacha mtu kwenye mkono wa gauni?"

Alikuwa mshonaji, na kila Jumamosi alifundisha kushona kwa mtandao, wanafunzi tisa waliotawanyika mbali. Bi Tena aliuliza mtandao ulikatika lini.

"Jumamosi. Siku ya msiba."

"Saa ngapi?"

"Somo lilikuwa linaendelea."

"Naomba tena. Saa ngapi?"

"Mbona unanisumbua, si limo kwenye rekodi? Kila somo nalirekodi, kwa ajili ya wavivu."

Rekodi ilikuwa kwenye kompyuta ndogo iliyozungukwa na vipande vya kitambaa. Saa ilionekana pembeni ya picha. Saa tatu kamili mshonaji anasalimia. Saa tatu na robo, dakika ileile kufuli linapigwa picha, anapima kiuno cha sanamu yake ya mbao, na wanafunzi wanaitikia. Saa nne, picha safi. Saa tano na dakika tano ikasikika sauti ya nje, fupi, kisha kishindo, kisha mtu anaita "Shem! Shem!" Mshonaji kwenye picha anaangusha mkasi na kutoka. Kiti kinabaki kitupu. Wanafunzi wanaendelea kuulizana kuna nini, sauti zao zinakuja na kwenda bila kukwama hata kidogo.

Waliitazama hadi mwisho. Mwisho ulikuwa saa tano na dakika arobaini na mbili. Picha iliganda kwenye kile kiti.

"Wewe uko kwenye faiba?" Bi Tena aliuliza.

"Sijui mambo hayo. Walipokuja kuhamisha watu nilikuwa safarini. Nikarudi, mtandao umekufa. Nikamlilia yule bosi wao, yule wa tarehe, tarehe. Kesho yake ukarudi. Sikuuliza umerudije."

Bi Tena alikwenda ukutani, akafuata waya kwa macho. Mweusi, mnene kama kidole gumba. Kebo ya zamani.

Alikaa kwenye kigoda cha mshonaji bila kukaribishwa, akapanga mambo kwa vidole. Kabati lilizimwa saa tatu na robo. Nyumba hii ilikuwa inakula kwenye kebo ileile. Kama kabati lilikuwa mlango wa pekee wa umeme, somo lingekufa saa tatu na robo. Halikufa. Ina maana kebo haikulala hata dakika moja asubuhi ile. Ilikuwa inalishwa kutoka upande mwingine, kufuli au hakuna kufuli. Na upande huo mwingine ulikatwa na mkono wa mtu, dakika thelathini na saba baada ya Masharubu kugusa chini.

Alifungua ukurasa wa konstebo. *5:40 msimamizi apanda nguzo kukagua usalama.* Asubuhi aliupita mstari ule kama unavyopita bango la sabuni.

Akampigia konstebo. "Alipanda nguzo ipi?"

"Siyo ile ya ajali, afande. Kule karibu na kabati."

"Ya ngapi?"

"Sikuhesabu, afande. Nilikuwa nazuia watu."

*

Kiongozi wa mafundi wa faiba alikuwa dada mfupi mwenye kofia ngumu kubwa kuliko kichwa chake. Walimwita Kepteni. Alikuwa kwenye boksi jeupe, mwisho wa mtaa, anaunga nyuzi nyembamba kama unywele.

"Jumamosi mlikuwepo hapa?"

"Tulipita asubuhi, tukakagua, tukaenda mtaa mwingine."

"Tena."

Kepteni aliinua macho. "Tulipita, tukakagua nguzo ya tatu, tukaenda."

"Mara ya kwanza nguzo haikuwepo. Mlikagua nini kwenye nguzo ya tatu?"

Dada yule aliweka chini kifaa chake taratibu. "Msimamizi alisema hayo hayahusiani na ajali."

"Nani kamuuliza?"

Simu ilitoka. Ujumbe wa Jumamosi, saa mbili na dakika hamsini: *Kabla Masharubu hajapanda toeni jampa nguzo ya 3.* Jibu la Kepteni, saa tatu kasoro dakika mbili: *Nguzo ya 3 safi.*

"Jampa ni nini?"

"Kipande cha kebo. Unaunga upande mpya na wa zamani kwa muda, nyumba iliyobaki isife wakati unahamisha. Inapitisha mawimbi na umeme vilevile. Faiba haina moto, lakini boksi letu lina umeme wake, na pembeni ya faiba tumevuta kebo ya shaba ya muda inayoupitisha kwenye nguzo zote. Mtu akiiweka anatakiwa aiandike." Kepteni aliifuta skrini ya simu kwa kidole gumba. "Haikuwa imeandikwa. Tukaenda nguzo ya tatu, hakuna kitu. Nikadhani kaitoa mwenyewe. Nikajibu safi. Ilikuwa safi, Inspekta, naapa."

"Nakuamini. Nionyeshe."

Kepteni alipiga hatua tatu kutoka boksi jeupe. "Moja." Nguzo iliyofuata. "Mbili." Iliyofuata. "Tatu."

Bi Tena hakumfuata. Alibaki amesimama, akitazama urefu wa mtaa, kabati kijivu kule mwisho.

"Mnaanzia kuhesabu hapa siku zote?"

"Ndiyo. Mtandao unaanzia kwenye boksi."

"Na watu wa shaba?"

Kepteni alifungua mdomo kujibu. Halafu aligeuka, akatazama kule kwenye kabati, na rangi ikamtoka usoni kuanzia juu kushuka chini.

"Chukua ngazi," Bi Tena alisema. "Tunaenda tatu ya wenzenu."

Ilikuwa nguzo ya saba kwa hesabu ya Kepteni. Alipanda, akafunga mkanda, akatoa testa na kupima kwanza, kisha akapima tena. Sauti yake ilishuka kidogokidogo.

"Kuna matundu mawili ya konekta, pa kuungia kebo, moja letu, moja la zamani. Yamezibwa kwa vifuniko vipya. Vumbi liko kila mahali, isipokuwa kwenye shingo za haya mawili. Kulikuwa na kitu hapa, Inspekta. Majuzi tu."

*

Msimamizi alikuja kwa gari la kazi saa sita na nusu, simu sikioni, akamkuta konstebo naye ameshafika. Mafundi walimwita Bwana Tarehe, kwa sababu kila ukimsalimia anakujibu kwa kukuuliza utamaliza lini. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya mazishi tayari.

"Nina dakika kumi," alisema. "Saa kumi tunamzika mwenzetu. Yule ndiye aliyenifundisha kazi, unajua? Mimi ndiye ninayesoma wasifu wake."

"Sitakuchelewesha. Nataka uniondolee ushamba wangu mmoja. Simama pale kabatini, unihesabie nguzo mpaka ya tatu. Kepteni, wewe anzia kwako. Kwa sauti."

"Mchezo gani huu?"

"Wa dakika moja. Zinabaki tisa."

Bwana Tarehe alicheka kidogo, akaangalia saa, akaanza. Moja. Kutoka upande wa pili sauti nyembamba ya Kepteni: moja. Mbili. Mbili. Tatu. Tatu.

Wakasimama. Kati yao kulikuwa na nguzo tatu na mtaa mtupu, na mshonaji mlangoni ameshika futi yake. Msimamizi aliiangalia nguzo aliyoiegemea, akamwangalia Kepteni kule alikosimama, na kicheko kikabaki mdomoni kimekosa pa kwenda.

"Endeleeni," Bi Tena alisema. "Nne. Tano."

Walikutana kwenye mchanga. Ya tano kwa huyu, ya tano kwa yule. Katika nguzo zote tisa ilikuwa hiyo moja tu waliyokubaliana, na ndiyo aliyotumwa Masharubu.

"Jumamosi uliandika ya tatu," Bi Tena alimwambia, "na ilikuwa ya tatu. Yeye akajibu ya tatu safi, na ilikuwa safi. Kwa hilo sikukamati. Nakukamata kwa saa tano na dakika arobaini."

"Nilikagua usalama."

"Tena."

"Nilipanda kukagua—"

"Ukaona jampa yako. Ukaelewa palepale, maana kazi unaijua. Watu wamejazana hapa kwa maiti, wewe uko kule juu unaichomoa. Mwanamke huyu kakatikiwa somo dakika hiyohiyo, ninayo rekodi. Ukashuka. Dakika kumi na tano baadaye ulimwona mtu anatiwa pingu kwa kuwasha kabati ambalo unajua halikuwashwa. Ukasaini maelezo."

"Hamna jampa yoyote. Nionyeshe."

"Fungua sanduku lako la vifaa."

Hapo ndipo fundi wa shaba anapojulikana. Mtu mwingine yeyote angeitupa jalalani au mtoni. Lakini aliyelelewa kwenye kebo hawezi kutupa kipande kizima chenye konekta mbili nzuri; mkono wake unakataa. Ilikuwa chini ya koleo, imeviringishwa vizuri, karibu mita moja. Kwenye kila ncha tepu nyeusi ilikuwa imezungushwa na mwisho wake kukunjwa kuwa kisikio kidogo, ili anayefuata aibandue bila kung'ang'ana.

Kepteni aliitambua. "Kisikio cha Masharubu," alisema polepole. "Alifundisha kila mtu."

Bwana Tarehe aliketi kwenye ngazi ya gari, suti na yote.

"Mtaa ulikuwa umeshapigwa muhuri," alisema. "Arobaini na sita kati ya arobaini na sita. Halafu huyu mama anarudi safarini. Ningefanyaje, nifungue mtaa upya kwa nyumba moja? Ningeiondoa wiki ileile. Ramani tatu, Inspekta. Ya zamani, mpya, na iliyopo kweli huko juu. Hakuna anayeijua hiyo ya tatu."

"Isipokuwa wewe. Jampa nyingine kama hii ziko ngapi?"

Alipangusa vumbi kwenye suti.

"Ngapi?"

"Kumi na moja. Labda kumi na mbili."

"Zimeandikwa wapi?"

Aligusa kipaji cha uso wake kwa kidole kimoja.

"Leo kuna watu juu ya nguzo?"

Kepteni hakungoja jibu. Alikuwa ameshashika redio, anapiga kelele mpaka kofia inamcheza kichwani: "Timu zote, shukeni! Usiguse kitu, wewe shuka tu! Kila mtu anijibu kwa jina!" Sauti zikaanza kuitikia, moja, nyingine, nyingine. Moja ilichelewa. Mtaa mzima ukaisubiri, mshonaji na pini zake, konstebo na pingu zake, mpaka ikakwaruza kwamba yuko chini, anakula, kuna nini kwani?

Bi Tena alitoa kalamu na karatasi, akamwekea msimamizi mapajani. "Andika zote kumi na mbili. Na kila nguzo, andika umeanzia wapi kuhesabu."

*

Saa nane kasorobo Mkuu wa kituo alikuwa na jalada nene kuliko alivyopenda. Alilipima kwa mkono.

"Kwa hiyo hakuna muuaji."

"Kuna marehemu," Bi Tena alisema. "Na kuna mtu aliyejua, akamwacha mwingine alale kwenye saruji siku tatu. Saini hapa. Na hapa. Na hapa tena."

Shemeji alitolewa akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Bi Tena alimweleza yote kwenye korido, kwa sentensi fupi: jampa, nguzo ya tatu, boksi jeupe, kufuli lilikuwa kweli.

"Kwa hiyo ningepima juu, testa ingewaka," alisema.

Dada wa kijana alikuwa ameomba asidanganywe, na Bi Tena aliliona ombi lile linamhusu na ndugu. "Ingewaka."

Mjane alisimama kwenye benchi walipotokea. Hakumkimbilia mtu. Alimtazama mpelelezi kwanza.

"Si yeye," Bi Tena alisema. "Umeme ulitoka upande ambao hakuujua."

"Dada," Shemeji alisema. "Ngoja. Mimi ndiye niliyemwambia imelala. Nilimwambia panda. Kanuni inasema nipime juu, sikupima." Akauzungusha mkanda kwenye ngumi. "Usinipeleke pale kabla hujalijua hilo."

Karani aliacha kuandika. Mjane aliisukuma leso iliyokunjwa mara nne ndani ya mkono wa gauni.

"Na yeye alikuwa na mdomo," alisema. "Kwa nini hakukuomba testa?"

Shemeji aliinamisha kichwa.

"Mlikuwa mnaliamini kufuli, nyote wawili." Akamchukua mkanda, akauvuta kwenye vitanzi vya suruali yake kimoja baada ya kingine, kwa nguvu, kama mtu anayemvalisha mtoto aliyemkasirisha. "Sijakusamehe. Hilo tutalizungumza kwangu, na tutalizungumza sana. Nawa uso. Utashika mbele, upande wa kulia, alikokuwa anabeba ngazi."

Nje gari lilikuwa linangoja. Bi Tena aliangalia saa ya ukutani: saa nane kamili. Karani aliuliza ule ufunguo wa kibati namba 14 uandikwe ni wa nani.

"Andika wa ofisi," Bi Tena alisema. Kisha akauchukua tena, akautazama. "Andika ulifanya kazi yake."